Hodi ya Msafiri na Karibu ya Taifa

Katika mila zetu hakuna nyumba isiyo na hodi. Mtu akifika mlangoni, hata kama mlango u wazi na wenyeji wanaonekana ndani wakila, husimama nje, akapiga hodi na kungoja kuitikiwa. Akiitikiwa kwa neno "karibu" huingia; asipoitikiwa baada ya hodi ya tatu, hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Neno hilo dogo limebeba mambo mawili ambayo aghalabu watu huyatenga: haki ya mwenye nyumba ya kujua ni nani anayeingia kwake, na haki ya mgeni ya kujibiwa kama mtu. Hodi isiyojibiwa ni bahati mbaya tu. Hodi inayojibiwa kwa dharau ni fedheha, na fedheha hiyo ni ya mwenye nyumba kuliko ya mgeni.

Katika insha hii tunakusudia kuitazama hodi ya zama zetu, yaani viza na masharti yote ambayo msafiri hutakiwa kuyatimiza kabla ya kuruhusiwa kuingia katika nchi isiyo yake. Wengi huidhania kuwa ni shughuli ya makarani na mihuri, isiyohusiana kamwe na utamaduni. Sisi twaona vingine. Namna taifa linavyompokea mgeni mpakani ni sehemu ya utamaduni wake kama zilivyo lugha yake na ngoma zake. Na pengine ni sehemu iliyo ya kweli zaidi, kwa sababu ngoma huchezwa mbele ya wageni waheshimiwa, ilhali dirisha la uhamiaji humpokea kila mtu. Swali letu basi ni hili: taifa lina haki gani ya kumhoji anayebisha mlangoni pake, na haki hiyo hukoma wapi?

Hapana budi tuanze kwa kuondoa dhana moja isiyo ya kweli. Wako wasemao kwamba wazee wetu hawakujua mipaka wala masharti, na kwamba kila mgeni alijiingilia apendavyo mpaka mkoloni alipotuletea kufuli. Wahenga waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" ndio haohao waliosema "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Methali ya kwanza yafungua mlango. Ya pili yaweka muda na wajibu. Wala mgeni hakuingia bila kuulizwa. Aliulizwa jina lake, ukoo wake, atokako, aendako, na habari za huko. Huo ulikuwa uchunguzi kamili, na mwongo aligundulika upesi. Ila uchunguzi huo ulifanywa baada ya mgeni kupewa maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Kwanza alihesabiwa kuwa mtu, ndipo akaulizwa kuwa ni mtu gani.

Katika pwani yetu mambo yalikuwa na utaratibu wake vilevile. Majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Upepo ndio uliokuwa viza ya mabaharia: ulitaja msimu wa kuingia na msimu wa kutoka, na hakuna nahodha aliyebishana nao. Waliopitwa na msimu walikaa, wengine wakaoa, na makaburi yao yako kwetu hadi leo. Walakini tusiipambe historia kupita kiasi. Majahazi ya bahari hiyohiyo yalibeba pia watumwa, watu waliovushwa pasipo hodi na pasipo hiari. Kukosekana kwa karatasi peke yake si ushahidi wa uhuru.

Hata hivyo, karatasi ilipokuja kwetu haikuja kama ufunguo. Ilikuja kama pingu. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Katika Afrika Kusini pasi ilimfanya Mwafrika kuwa mgeni katika ardhi ya mababu zake. Na tarehe 21 Machi, 1960, watu 69 waliuawa na polisi mjini Sharpeville walipokusanyika kuzipinga pasi hizo. Sheria zile hazikufutwa mpaka mwaka 1986. Ni wazi basi kwa nini Mwafrika mwenye umri, anapoambiwa "lete karatasi zako", husikia ndani ya maneno hayo sauti ambayo kijana huenda asiisikie.

Huko Ulaya kwenyewe, kabla ya mwaka 1914 mtu aliweza kuvuka nchi nyingi bila pasipoti. Vita vilileta shaka, na shaka ikaleta hati. Mwaka 1920 mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa mjini Paris ulikubaliana juu ya muundo mmoja wa pasipoti, na jambo lililodhaniwa kuwa ni la dharura likawa desturi ya dunia nzima. Kisha, tarehe 10 Desemba, 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 13 chasema kuwa kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata iliyo yake, na kurejea kwao. Yatupasa kukisoma kifungu hicho kwa makini. Kinampa mtu haki ya kutoka na haki ya kurudi. Hakimpi haki ya kuingia kwa mwenzake. Anayekimbia mateso amepewa na kifungu cha 14 haki ya kutafuta hifadhi. Wengine wote wameachiwa hisani ya mwenye mlango, na hisani ndiyo hasa inayopima utamaduni wa mtu.

Tuchukue mfano mmoja unaotuhusu sisi wenyewe. Mwezi Januari, 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru wake, Nelson Mandela aliingia nchini kupitia Mbeya. Hakuwa na pasipoti, kwani serikali ya nchi yake haikuwa tayari kumpa Mwafrika wa aina yake. Alipofika Dar es Salaam alipewa na serikali yetu changa hati iliyomtaja jina lake na nchi yake, na kueleza kwamba ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurejea. Kwa hati hiyo aliendelea na safari yake ya kuitafutia misaada harakati ya ukombozi wa watu wake.

Katika kitabu cha maisha yake, Long Walk to Freedom, kilichotoka mwaka 1994, Mandela asimulia yaliyompata alipofika Khartoum. Alikuwa na wasiwasi, maana karatasi ile haikuwa pasipoti. Mzee wa Kisudani aliyekuwa kwenye meza ya uhamiaji aliisoma, akatabasamu, akamwita mwanawe, akamkaribisha Sudan na kuigonga muhuri. Nyuma yake alisimama Hymie Basner, Mzungu wa Afrika Kusini aliyeandamwa na makaburu kwa kuwatetea Waafrika, naye alikuwa na karatasi ya namna ileile. Mzee yuleyule aliikataa. Hakuweza kuelewa Mzungu atakosaje pasipoti. Ilibidi Mandela asimame karibu na kutikisa kichwa kila Basner aliposema jambo, kuthibitisha kuwa asema kweli. Ndipo mzee akalegea, na Basner naye akakaribishwa.

Kisa hiki chatufundisha mambo mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza. La kwanza ni kwamba karatasi dhaifu inatosha pale mwenye mlango anapotaka kumwona mtu aliye nyuma yake. La pili ni kwamba hata mzee yule mwema, aliyempokea mdhulumiwa mmoja kwa moyo mweupe, karibu amfukuze mdhulumiwa wa pili kwa kuitazama ngozi yake. Meza ni moja, karatasi ni za namna moja. Mmoja aliaminiwa kabla ya kuulizwa, na mwingine alishukiwa kabla ya kusikilizwa. Kosa halikuwa katika kuuliza. Kosa lilikuwa katika kuwa na jibu kabla ya swali.

Wala tusisahau mwisho wa safari ile. Mandela alikamatwa alipokwisha kurejea kwao, na mwezi Novemba, 1962, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, na miwili kwa kutoka nchini bila pasipoti. Safari ambayo kwetu ilikuwa ugeni wa heshima, kwao ilikuwa jinai. Kumbe uhalali wa hati si ushahidi wa haki, na kukosa hati si ushahidi wa uovu.

Sasa tuje katika zama hizi. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952 yasema kwamba mwombaji wa viza ya muda, isipokuwa wa aina chache, atahesabiwa kuwa amekusudia kuhamia mpaka amridhishe ofisa kuwa sivyo. Mbele ya mahakama mshitakiwa wa wizi huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike; mbele ya dirisha la viza mtu asiyeshitakiwa kwa lolote hutakiwa kujitakasa. Mwaka 2025 nchi hiyo ilianza mpango wa majaribio wa kuwataka raia wa baadhi ya nchi waweke dhamana ya fedha, kati ya dola 5,000 na 15,000, kabla ya kupewa viza za matembezi au biashara. Malawi na Zambia zilitangulia katika orodha. Tanzania ikaongezwa mwaka uleule. Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen nazo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ushahidi wa fedha za kujikimu, na ushahidi wa nia ya kurudi. Na tangu Juni, 2024, ada ya maombi kwa mtu mzima ni yuro 90, ambazo hazirudishwi hata mwombaji akikataliwa.

Tumepata kumsindikiza mama mmoja wa makamo katika ubalozi wa nchi ambayo hatutaitaja. Binti yake aliyeolewa huko alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, naye mama alikusudia kwenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie, kama yeye alivyolelewa na mama yake. Alitakiwa alete taarifa ya benki, barua ya mwajiri na hati ya nyumba. Hakuwa na hata moja. Alikuwa na shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake, ambalo kijiji kizima chajua mpaka wake ulipo; alikuwa mtunza fedha wa chama cha akina mama, kwa sababu hakuna aliyepata kumtilia shaka; na alikuwa na makaburi ya wazazi wake na ya mumewe, ambayo huyafagia kila mwaka. Tulipokuwa tukingoja alituuliza kwa mshangao wa kweli: "Wanangu, hawa wanadhani nitakaa kwao? Na kuku wangu nani atawafungia?" Jibu lilikuja baada ya majuma matatu: nia yake ya kurudi haikuthibitika. Mtoto alizaliwa, na arobaini ikapita, bibi akiisikia sauti yake katika simu.

Hatusemi kwamba karani yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ile ilijua namna moja tu ya kumpima mtu, nayo ni kile anachomiliki peke yake kwa maandishi. Sisi husema "mtu ni watu". Kinachomrudisha mtu kwao si fedha zake za benki, maana fedha huweza kumfuata popote aendapo. Kinachomrudisha ni watu wanaomngoja na wajibu uliomfunga. Fomu haikuwa na nafasi ya kuyaandika hayo. Hivyo mtu ambaye kwetu ni tajiri wa kila kifungo kiwezacho kumrejesha nyumbani alionekana huko kuwa hana chochote cha kurudia. Huku si kukosa ukarimu tu. Ni kutomfahamu mtu na kuridhika na kutomfahamu.

Hata hivyo haki yatutaka tusikilize upande wa pili. Mwenye nyumba anaweza kujibu: wako wageni waliosema wanakuja kwa majuma mawili nao wakakaa miaka kumi; wako walioleta barua za kughushi na vyeti vya kununuliwa. Maneno hayo ni ya kweli, na baadhi ya watu hao ni ndugu zetu. Anayeghushi hati hamdanganyi karani peke yake. Huwaibia imani wale wote watakaosimama nyuma yake katika foleni. Twapaswa kulikemea jambo hili kwetu kabla hatujalalamika kwa wengine. Walakini, mwenye nyumba akiendelea na kusema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza, hapo twamkatalia, ingawa methali ni yetu. Methali ile ilitungwa kwa ajili ya tenga la samaki. Binadamu hawaozi kwa kukaa karibu, na aliye nyuma katika foleni hajatenda kosa la aliyemtangulia.

Nasi je? Ni rahisi kuzilaumu nyumba za wengine. Nchi yetu nayo ina mlango, na mlango huo una bei: kwa wageni wengi wanaohitaji viza ya kawaida ada ni dola 50, na kwa raia wa Marekani ni dola 100. Tofauti hiyo huelezwa kwa hoja ya kutendeana sawa. Wako wanaoifurahia wakisema dawa ya moto ni moto. Lakini anayelipa dola zile mara nyingi ni mwalimu au muuguzi aliyejiwekea akiba ili auone Mlima Kilimanjaro. Siye aliyeitunga sheria iliyomnyima viza mama yetu. Tangu Oktoba, 2024, Zanzibar nayo humtaka mgeni mtu mzima kutoka nje anunue bima yake ya dola 44. Yamkini ipo sababu njema. Hospitali hazijengwi kwa maneno. Ila tukiikubali sababu hiyo kwetu, hatuwezi kuicheka kwa wengine. Na tukiiona kuwa ni mzigo kwao, yatupasa tuuhisi uzito wake kwetu pia.

Liko jambo zito kuliko ada. Mwishoni mwa Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara katika muda wa kama saa 24. Hapakuwa na fomu. Wananchi wa Ngara walitoa walichokuwa nacho, na mashamba na misitu yao ikaumia. Mwezi Machi, 1995, serikali yetu ilifunga mpaka wa Burundi ili kuwazuia wengine waliokuwa wakija. Nchi hii ni ileile ambayo Rais wake wa kwanza, Mwalimu Nyerere, alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa kuwahifadhi wakimbizi, na ambayo baadaye, mwaka 2014, iliwapa vyeti vya uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa wimbi la mwaka 1972 na watoto wao. Tumekuwa mwenyeji mkarimu, na tumekuwa mwenyeji aliyefunga mlango kwa kuelemewa. Hatuandiki haya ili kuwahukumu waliokata shauri lile katika siku zile ngumu. Tunayaandika kwa sababu mtu aliyewahi kushika komeo kwa mkono wake husema juu ya milango kwa unyenyekevu zaidi.

Kutokana na hayo twaona kwamba haki ya taifa ya kuuliza haina shaka, lakini ina mipaka mitatu. Kwanza, taifa lina haki ya kumwuliza mgeni ni nani na amekuja kwa nini. Halina haki ya kumhesabu kuwa mwongo kabla hajafungua kinywa. Pili, lina haki ya kumkataa. Halina haki ya kumkataa bila sababu inayomhusu yeye mwenyewe, matendo yake na hali yake, wala kwa maneno yasiyoonyesha kuwa aliyoyaeleza yalisomwa. Tatu, lina haki ya kuweka masharti. Lakini masharti hayo yawe ni yale ambayo lingeyaona ya haki kama raia wake ndiye angesimama upande wa pili wa dirisha. Msafiri naye ana wajibu wake: aseme kweli, ashike miiko ya nyumba aliyoingia, na siku ya tatu alipokee jembe bila kununa.

Tukitaka mataifa makubwa yatuelewe hivyo, sharti tuanze na jirani. Mwezi Januari, 1978, mtu wa Namanga hakuweza kuvuka kihalali kwenda kumzika ndugu yake ng'ambo ya pili, kwani mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Leo watu wa Afrika ya Mashariki twavukiana bila viza, na Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai, 2010. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya uhuru wa watu kusafiri barani, iliyopitishwa Addis Ababa mwezi Januari, 2018, yahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kutumika. Na hadi mwaka 2024 nchi zilizokuwa zimeiridhia zilikuwa nne tu. Twaimba umoja mikutanoni, na mipakani twaulizana kama watu wasiopata kuonana.

Yule mama hakukata tamaa. Ametueleza kuwa binti yake amepata likizo, na mwaka ujao atakuja na mtoto. Mtoto yule, ambaye kwa pasipoti ni raia wa nchi ile iliyomkatalia bibi yake, atahitaji viza ili aingie katika nchi ya bibi. Atafika uwanja wa ndege amelala mgongoni kwa mama yake, na ofisa wetu mmoja atainua hati yake na kuitazama. Twaomba ofisa huyo aulize yote anayopaswa kuuliza. Ila kabla ya swali la kwanza, amwambie karibu.